Risiva tatu ndani ya nyumba moja: sauti ikigoma, anzia wapi

Siku hizi si ajabu kukuta nyumba moja ina risiva mbili au tatu, yaani zile mashine za muziki zenye amplifaya ndani ya kusukuma spika. Moja ni ya stereo, ya zamani, imeshuka na kontena la vitu vilivyotumika. Nyingine ilikuja na seti ya sinema ya nyumbani. Ya tatu aliiacha ndugu aliyehama. Spika nazo zimejaa stoo. Mwenye nyumba anataka jambo moja tu: muziki unaopigwa sebuleni usikike jikoni na barazani, kila mahali kwa kiwango chake. Hilo linawezekana kabisa, na risiva nzuri ya miaka ya tisini ikiunganishwa vizuri bado inatoa sauti nzito na safi kuliko vispika vidogo vingi vya bluetooth vinavyouzwa madukani leo.

Matatizo karibu yote ninayoyaona yanatokana na mahali sauti inapogawanywa. Ndani ya mfumo sauti ina hali mbili. Kuna sauti changa, inayopita kwenye nyaya za pini nyekundu na nyeupe. Kwa kawaida haizidi volti 2 hivi na haiwezi kusukuma spika. Kisha kuna sauti iliyokwisha kukuzwa, inayotoka kwenye vibanio vya spika nyuma ya risiva. Sauti changa unaweza kuigawa kwenda risiva kadhaa bila wasiwasi mkubwa. Iliyokuzwa ina mipaka yake, na hairudishwi kamwe ndani ya risiva nyingine. Kwa hiyo mpango ulio salama ni huu: chanzo kimoja cha sauti, kigawanywe kikiwa bado kichanga, kila risiva ipokee mgao wake, na kila risiva isukume spika zake yenyewe. Ukiona tatizo, jiulize kwanza kama mpango huo umevunjwa mahali fulani.

Kabla ya kugusa waya wowote, zima risiva zote na uzichomoe kwenye soketi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

"Fundi, inawaka kidogo kisha inazima yenyewe"

Taa inawaka, unasikia relei, ile swichi ya ndani, ikigonga "tak", muziki unaanza, kisha kimya. Kwenye kioo huenda limeandikwa neno PROTECT. Risiva inajilinda, usiilazimishe kwa kuiwasha tena na tena.

Chomoa nyaya zote za spika, zote, kisha iwashe ikiwa tupu. Ikizima hata hivyo, ugonjwa uko ndani. Mara nyingi ni transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, na hiyo ni kazi ya meza ya fundi. Ikibaki inawaka, ugonjwa uko nje, na hapo una habari njema, kwa sababu utaupata mwenyewe. Zima, rudisha jozi moja ya spika, washa, sikiliza. Zima, rudisha ya pili. Jozi itakayoizima ndiyo yenye shida.

Sasa angalia ncha za nyaya kwa karibu, ukiwa na tochi. Kwenye waya uliosukwa, unyuzi mmoja mwembamba kama unywele ukitoroka kwenye kibanio chekundu na kugusa cheusi, hiyo ni shoti tayari. Menya waya upya, sentimita moja tu ya shaba ionekane, zisokote nyuzi zote pamoja, ukiweza zipake risasi, ndipo ubane. Barazani angalia pia sehemu waya unapopita chini ya mlango au kwenye dirisha la chuma. Plastiki huchubuka polepole na shoti hutokea pale tu mlango unapofungwa. Mteja anakuambia "inazima usiku tu", na sababu ni kwamba usiku ndipo mlango unafungwa.

Kama ncha ni safi, chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, upime ncha mbili za waya ukiwa umeuchomoa kwenye risiva na spika ikiwa bado upande wa pili. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 hivi, kwa kuwa mita inapima waya wa koili tu na si mzigo wote wa sauti. Ya omu 4 husoma karibu 3 na ushei. Ukiona sifuri au karibu na sifuri, kuna shoti. Mita isiposoma kitu, waya umekatika au koili imeungua.

Bado haijapatikana? Basi hesabu spika. Hapa ndipo wengi wanapounguza risiva. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba kwenye kibanio kimoja zinakuwa omu 4. Tatu zinakuwa omu 2.7 hivi. Nne zinakuwa 2. Kila spika unayoongeza ni bomba jingine unalolifungua kwenye tangi lile lile, na risiva nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa mzigo wa omu 4 au 6 hadi 16. Soma maandishi madogo yaliyo nyuma, karibu na vibanio: mara nyingi yanasema A au B (vibanio vya jozi ya kwanza au ya pili) ni omu 4 au zaidi, lakini A+B kwa pamoja kila spika iwe omu 8 au zaidi. Maandishi hayo yafuatwe jinsi yalivyo. Mzigo ukiwa chini mno, sauti ndogo itapita vizuri, lakini ukipandisha siku ya sherehe, risiva inachemka na kuzima. Hii ndiyo alama yake: inazima ikiwa imepandishwa, na kifuniko ukikigusa ni cha moto.

Dawa yake ni kugawa mzigo. Ndiyo maana una risiva tatu. Sebule iwe na yake, jikoni na yake, baraza na yake, jozi moja au mbili kila moja, basi.

Joto lina sababu nyingine pia, nayo ni kupanga risiva kama matofali. Ya chini inapumua juu, ya juu imekaa kwenye pumzi hiyo. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi juu ya kila moja, usiweke kitambaa cha kufuma juu yake hata kama kinapendeza, na angalau mara moja kwa mwaka ipelekwe ikapulizwe vumbi. Huku kwetu pwani mende na mijusi hupenda ule uvuguvugu wa transfoma, na mjusi mmoja aliyelala juu ya njia za shaba anatosha kuiua mashine.

"Nimeunga risiva mbili kwenye spika zile zile, sasa moja imekufa"

Nia yake ilikuwa nzuri: spika za sebuleni ni nzuri, anataka risiva ya muziki na risiva ya runinga zote zizitumie. Akapeleka nyaya za risiva zote mbili kwenye spika moja. Risiva moja ilipopiga, umeme wake ukaingia kinyumenyume kwenye mdomo wa nyingine, na transista zikaenda. Haisaidii hata kuahidi kwamba utawasha moja kwa wakati mmoja. Siku moja mtoto atawasha zote mbili.

Ukitaka hivyo, nunua swichi ya kuchagua amplifaya, yenye kukata waya chanya na hasi kwa pamoja. Isiyokata hasi haifai, kwa sababu kwenye amplifaya fulani waya hasi una umeme wake wenyewe, haujaungwa kwenye boksi la chuma la mashine.

Mwenzake ni yule anayechukua sauti kwenye vibanio vya spika vya risiva ya kwanza na kuichomeka kwenye tundu la pini la risiva ya pili. Ile ni sauti iliyokuzwa tayari. Itakwaruza mara moja, na tundu hilo linaweza lisipone.

"Sebuleni inaimba, barazani kimya"

Risiva ya pili inawaka, spika zake nzima, lakini hakuna kitu. Fuata sauti changa ilikotoka. Kuna matundu matatu yanayofanana nyuma ya risiva ya kwanza, na kazi zake ni tofauti. TAPE OUT au REC OUT hutoa sauti kwa kiwango kisichobadilika, hata ukizungusha kitufe cha sauti. PRE OUT hufuata kitufe cha sauti. ZONE 2 ni ya chumba cha pili na ina kitufe chake. Kwa risiva ya barazani yenye kitufe chake cha sauti, TAPE OUT ndiyo inayofaa. Ukitumia PRE OUT, mama akipunguza sebuleni apokee simu, baraza nzima inapungua pamoja naye.

Lakini kuna mtego mkubwa hapa. Kwenye risiva nyingi, hasa za zamani kidogo, TAPE OUT na ZONE 2 hutoa tu sauti iliyoingia kwa pini nyekundu na nyeupe. Sauti iliyoingia kwa HDMI au kwa waya wa mwanga (optical) haipiti. Ndipo unaona king'amuzi kinasikika vizuri sebuleni, barazani hakuna hata mnong'ono, na redio ya FM inasikika kote. Ukiona tofauti hiyo, usitafute waya uliokatika. Toa waya wa pili wa pini nyekundu na nyeupe kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye risiva, kisha kwenye menyu chagua kwamba ZONE 2 itumie njia hiyo. King'amuzi kisipokuwa na matundu hayo, kuna visanduku vidogo vya kugeuza sauti ya mwanga kuwa ya pini. Vinapatikana Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, na kwa kazi hii vya bei nafuu vinatosha.

Kosa jingine ni kitufe A+B. Baadhi ya risiva huziunga jozi mbili kwa mfululizo kitufe hicho kinapobonyezwa. Kama umeunga jozi A pekee na mtu akabonyeza A+B, njia inakatika na kila kitu kinanyamaza. Rudisha kwenye A.

Na kama chumba cha pili kinapiga vizuri kisha kinakata baada ya dakika 20 au 30 za sauti ndogo, tazama menyu kabla ya kuita mtu. Risiva za karibuni zina mpangilio wa kujilaza zisiposikia sauti. Ukiuzima mpangilio huo, tatizo limekwisha.

"Nikizima ya jikoni, sebuleni inaanza kukwaruza"

Hili linawachanganya hata mafundi, nami nalipenda kwa sababu linafundisha. Muziki ni safi risiva zote zikiwa zinawaka. Jikoni wakizima, sebuleni sauti inakuwa kavu na yenye mikwaruzo. Unashuku spika, unabadilisha, hakuna mabadiliko.

Sababu iko kwenye ule waya uliogawanya sauti changa. Risiva iliyozimwa bado imeungwa kwenye chanzo, na saketi zake za mlangoni zikikosa umeme zinaweza kuanza kuinywa ile sauti, zikikata vilele vya mawimbi. Wenzake wote waliopo kwenye waya huo wanapata sauti iliyokatwa. Jaribio ni rahisi: sebuleni ikiwa inakwaruza, izime, chomoa pini za risiva ya jikoni, kisha washa ya sebuleni peke yake. Sauti ikisafishika pale pale, umempata mwenyewe.

Unaweza kuiacha risiva ya jikoni ikiwaka na kushusha tu sauti yake, lakini umeme unaliwa bure. Kilicho bora ni kigawanya sauti chenye umeme wake, ambacho kila tundu lake la kutolea limejitegemea. Kikiwepo, unaweza kuzima upendavyo.

Waya wa Y wa kawaida unafaa kwa kugawa chanzo kimoja kwenda risiva mbili. Kinyume chake hakifai: usiutumie kuchanganya simu na king'amuzi viingie tundu moja. Vyanzo viwili vinasukumana na sauti inafifia.

"Inavuma"

Mvumo huu hauondoki hata muziki ukisimama. Chomoa nyaya zote za pini kutoka kwenye risiva, ubakize umeme na spika. Ikivuma bado, shida iko ndani, na kwenye risiva ya miaka 25 au 30 mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita kubwa za kuchuja umeme, vile vikopo vya mviringo vya ndani. Tazama kama vichwa vyake vimevimba. Ikinyamaza, rudisha waya mmoja mmoja hadi mvumo urudi.

Mara nyingi sana waya unaorudisha mvumo ni wa king'amuzi, na anayeleta hasa ni waya wa dishi. Dishi limegusa nguzo ya chuma au bati, lina arthi yake huko nje. Kompyuta iliyoungwa kwenye risiva ya pili ina arthi ya soketi. Arthi mbili tofauti zikikutana kupitia nyaya za pini, umeme wa hezi 50 unazunguka na wewe unausikia. Fungua waya wa dishi kwenye king'amuzi. Mvumo ukitoweka, hakuna haja ya kubishana.

Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja yenye matundu mengi. Isiposaidia, weka kifaa cha kutenganisha arthi kwenye waya wa pini, kile kile wanachotumia mafundi wa redio za magari. Ndani kina vitransfoma viwili vidogo. Usikate wala usivunje ile pini ya arthi kwenye plagi ya kompyuta au ya kifaa chochote chenye pini tatu. Watu hufanya hivyo na mvumo unakwisha kweli, lakini siku kifaa kitakapovuja umeme, boksi la chuma litakuwa linamsubiri mtu.

Waya mrefu wa pini uliolazwa pamoja na waya wa umeme ukutani nao unavuma. Utenganishe, na pale ambapo lazima zikutane, zikatize kwa msalaba. Kwa maoni yangu, afadhali risiva zote zikae sehemu moja, pini ziwe fupi, na nyaya ndefu ziwe za spika.

Mvumo unaokuja tu umeme ukikatika ni habari nyingine. Hapo ni inveta isiyotoa wimbi safi. Risiva nzima, tatizo ni umeme unaolishwa.

"Spika za barazani hazina nguvu"

Pima waya. Shaba ya milimita za mraba 0.75 kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi mita 20, ina ukinzani wa karibu omu 0.46. Kwa spika ya omu 8 huo umeshavuka asilimia 5, na hapo besi inaanza kulegea. Ya 1.5 inashusha hadi 0.23. Kwa mita 10 hadi 15 chukua 1.5, kwa zaidi ya hapo hadi mita 25 hivi chukua 2.5. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba: kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, ndio huo, nunua wenye unene unaofuata. Karibu na bahari ncha za shaba hugeuka kijani. Zikate na umenye upya.

Kama sauti ipo lakini besi imepotea, waya mmoja umegeuzwa chanya kwa hasi. Spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Simama katikati ya spika mbili, sikiliza, kisha zima, geuza nyaya za moja tu, washa, sikiliza tena. Mpangilio wenye besi nyingi ndio sahihi. Kama alama zimefutika, chomoa waya kwenye risiva na uguse ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa kufumba na kufumbua. Karatasi ya spika ikiruka nje, upande uliogusa chanya cha betri ndio chanya.

"Kuna mwangwi kati ya sebule na baraza"

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo chumba kilicho mita 10 mbali huchelewa milisekunde 29 tu, sikio linavumilia. Bluetooth inaweza kuchelewesha 150 hadi 250. Ukichanganya chumba cha waya na chumba cha bluetooth, mwimbaji anajirudia. Usihangaike na mipangilio. Peleka waya kote, au ipokelewe na risiva ya kwanza kwa bluetooth na kutoka hapo igawanywe kwa waya. Zote zikichelewa sawa, hakuna atakayejua.

"Nilichomeka tu, ikatoa moshi"

Risiva kutoka Japani inataka volti 100, kutoka Marekani volti 120. Tanzania umeme ni volti 230, Kenya 240. Soma bamba la nyuma kabla ya kuchomeka chochote. Baadhi zina swichi ndogo ya kuchagua volti. Nyingi hazina, na zinahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa kwenye risiva. Ukilisha risiva mbili kwenye transfoma moja, jumlisha wati zake kwanza. Weka pia kilinzi cha volti kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme, kwa sababu ule mshtuko wa umeme kurudi unaua mashine nyingi. Msimu wa masika, mawingu yakijifunga, chomoa umeme na waya wa dishi.

"Rimoti moja inawasha zote"

Risiva mbili za kampuni moja zinasikia msimbo ule ule. Tazama kwenye menyu kama kuna namba ya kitambulisho cha rimoti; baadhi hukuruhusu kuiweka risiva moja kwenye 1 na nyingine kwenye 2, na rimoti zake vivyo hivyo. Isipokuwepo, bandika kipande cha soltepu nyeusi kwenye jicho la risiva ya jikoni na uiendeshe kwa vitufe vyake vya mbele.